Kufuli la Mtambo wa Kumi na Saba

Sikumpenda wifi yangu siku kaka alipomleta nyumbani, na sitajifanya nampenda leo kwa sababu tu ninaandika habari zake. Damu zetu hazikupatana. Yeye analijua hilo, kaka yangu analijua, hata binti yao wa miaka sita analijua, maana siku moja aliniuliza mbele ya wageni, "Shangazi, kwani mama alikukosea nini?" Nikamwambia akanawe mikono. Lakini kuna jambo lilitokea kazini kwetu, na wanaolisimulia wanalipotosha, wengine kwa kunionea huruma. Huruma yenyewe siitaki. Nitamweleza mwanamke huyu kama nilivyomjua, na ubishi wake wote, kisha nitasema nilichomfanyia.

Alikulia gereji. Baba yake alikuwa fundi wa malori, mama yake alifariki mapema, basi mtoto akawa anashinda chini ya magari na spana mkononi. Alipokuja kwetu mikono yake ilikuwa migumu kuliko ya kaka, ambaye ni fundi cherehani na hajawahi kushika kitu kizito kuliko pasi. Walijuana alipopeleka ovaroli lake litiwe kiraka gotini. Wiki iliyofuata akapeleka jingine. Mara ya tatu, kaka anasema, aliona kabisa kwamba mpasuko ule umekatwa kwa mkasi. Kaka husimulia kisa hicho huku ameshika mbavu kwa kicheko. Mimi nimekisikia labda mara hamsini na bado sijaona kinachochekesha.

Kilichonichosha kwanza ni mdomo wake. Hajui kuzunguka. Ukimpikia, anakwambia chumvi imezidi. Ukimwonyesha gauni jipya, anapitisha kidole begani na kusema mshono huu utaachia ndani ya wiki mbili, na baya zaidi unaachia kweli. Wakati huo nilikuwa nimerudi nyumbani baada ya ndoa yangu kuvunjika, nakaa chumba cha uani, na mtu aliye katika hali ile hahitaji mwenzake wa kumkagua mishono. Nilimwambia kaka, "Mkeo hana adabu." Kaka akasema, "Dada, mwenzio ndivyo alivyo, ukimzoea utamwona mzuri tu." Miaka tisa imepita tangu aniambie hivyo.

Kwenye mitambo ya upepo nilitangulia mimi, na hilo naomba likumbukwe. Ipo arobaini, imepangwa juu ya ukingo wa kilima, na kila mmoja una namba yake. Kazi yangu ilikuwa kukaa chumba cha kuongozea, mbele ya skrini sita, na redio ya mkononi mezani. Upepo ukifikia kasi ya mtu anayekimbia polepole, mapanga yanaanza kuzunguka na umeme unatoka. Ukizidi sana, mtambo unajizima wenyewe usije ukavunjika. Kichwa chake, kile chumba cha chuma kilicho juu ya mnara wa mita themanini, hujigeuza chenyewe kuufuata upepo unakotokea, na kinachokigeuza ni duara kubwa la meno, jino moja upana wa kiganja. Watu walidhani nalipwa kwa kutazama mapanga. Nililipwa kwa kutazama namba, na kwa kujua ni namba ipi inadanganya.

Umeme huo unashuka kwenye nyaya, unapita juu kabisa ya mtaa wetu na kwenda miji ya mbali. Sisi wa chini ya kilima taa zinakatika mara tatu kwa wiki. Kila zikikatika, wifi alikuwa akigeuka na kuniuliza, "Vipi wifi, leo upepo mmeuficha wapi?" Kama vile nimeumeza mimi.

Na ni mdomo wangu uliomleta pale. Siku moja tunakula nikasema wanatafuta mafundi wa kupanda minara, na kwamba watu wa huku wote wameingia mitini. Nilisema kwa kujisifu tu. Wiki mbili baadaye nikamkuta amepanga foleni nje ya ofisi pamoja na wanaume kumi na wanane. Katika jaribio la ngazi, kumi na mmoja waligeuzia njiani. Mmoja ilibidi ateremshwe kwa kamba amefumba macho, anaita mama yake. Wifi alipanda mpaka juu, kisha akauliza kwenye redio kama akaze na ile nati aliyoiona imelegea, kwa kuwa keshafika. Akaajiriwa siku ileile. Mimi nilikwenda chooni nikakaa humo mpaka uso wangu uliporudi sawa.

Sasa nieleze habari ya makufuli, maana bila hiyo hamtaelewa. Fundi kabla hajapanda, huzima swichi kubwa iliyo chini ya mnara na kuifunga kwa kufuli lake mwenyewe, jekundu, lenye picha yake na namba yake. Ufunguo ni mmoja tu na anapanda nao. Kufuli likiwa pale, mtambo umekufa, hakuna wa kuuwasha. Wanapanda wawili, kwa hiyo makufuli ni mawili. Akishuka, anafungua la kwake, kisha ananiita kwenye redio na kutamka kwa mdomo wake: "Nimeshuka, kufuli langu ninalo mkononi." Mpaka nisikie maneno hayo kutoka kwake, siruhusiwi kugusa kitufe cha kuwasha, hata angekuwa amesimama dirishani kwangu ananipungia mkono.

Mafundi wengine waliifuata sheria hiyo kama watu wanavyofuata sheria, leo ndiyo, kesho nusu. Wifi aliifuata mpaka kero. Alikataa kupanda kwa kufuli la mwenzake. Alikataa kuazima la kwake. Mhandisi mkuu mwenyewe alikuja siku moja kukagua juu kwa dakika tano, na wifi akamzuia mlangoni kwa kuwa hakuwa na kufuli. Mzee wa watu akarudi ofisini kulichukua, jasho linamtiririka, mafundi wote wanaangalia chini ili wasionekane wanacheka. Tangu hapo wakamwita Kufuli. Yeye akalipenda jina. Ufunguo wake aliutia kamba na kuuvaa shingoni, hata Jumapili, hata akiwa na gauni.

Nyumbani ndiyo usiseme. Jumamosi moja mchana nimetoka zamu, nataka chai, birika la umeme halipati moto. Soketi zote kimya. Naenda kwenye mita nakuta swichi imefungwa kwa kufuli jekundu, na picha yake imenikodolea macho.

"Kaka, nini hiki?"

"Anabadilisha soketi ya chumbani," akasema kaka, ambaye cherehani yake nayo ni ya umeme na alikuwa amekaa tu anakunja kitambaa. "Ameenda dukani kununua skrubu."

"Sasa si amwachie mtu ufunguo?"

"Mwambie wewe."

Alirudi baada ya saa nzima, skrubu mbili mfukoni. Nikamwambia hii ni nyumba ya mama yetu, haikujengwa kilimani. Akajibu, "Umeme hausomi hati ya nyumba, wifi." Akaingia chumbani na bisibisi yake. Niliikosa chai ile, na hasira yake ninayo mpaka leo.

Lakini ugomvi wenyewe hasa ulianzia mtambo wa ishirini na mbili. Aliushuka akiwa wa mwisho, akafungua kufuli, akarudisha swichi. Mimi nikaona kwenye skrini swichi imewashwa, nikabonyeza. Sikungoja aseme yale maneno yake. Alikuwa ameshatoka mlangoni, yuko hatua thelathini kutoka mnarani, hakuna aliyepungukiwa hata unywele. Jioni akakaa nami meza moja, akala, akamsaidia binti yake hesabu, hakunigusia chochote. Asubuhi nikakuta taarifa yake juu ya meza ya mhandisi mkuu: mwongozaji amewasha mtambo kabla ya kupokea neno la fundi. Nikapewa barua ya onyo. Ndani yake waliandika kwamba nikirudia tena, kazi sina.

Nilimfuata uani anafua. "Wifi, umeniandikia barua?"

"Nimeandika kilichotokea."

"Tunalala nyumba moja. Ungeniambia tu."

"Nikikwambia utanuna. Ukiandikiwa utangoja." Akaendelea kusugua ovaroli.

Nakiri wazi, tangu siku hiyo nilitaka unga wake umwagike. Nilitaka afukuzwe, arudi gereji, na nyumba yetu ipumue. Nilimngoja akosee. Ilikuwa kazi ngumu, kwa sababu hakosei.

Siku yenyewe ilikuwa ya wageni. Wakubwa wa kampuni walikuwa wanakuja na watu wao wa kamera, na amri ilikuwa kwamba saa tisa alasiri mitambo yote arobaini iwe inazunguka. Upepo ulikuwepo, mzuri, wa kutulia. Thelathini na tisa ilikuwa inazunguka. Wa kumi na saba ulikuwa umezimwa tangu asubuhi, na waliokuwa juu yake ni wifi na fundi mwenzake tuliyemwita Mrefu. Mhandisi mkuu alikuwa anawaita kila nusu saa: bado? bado? Wifi akijibu, "Kazi ikiisha utajua."

Saa nane na nusu nikaiona pikapu yao imesimama uwanjani, nje ya dirisha langu. Nikajiambia, wameshuka. Sheria nyingine inasema fundi habaki juu peke yake. Wakipanda wawili wanashuka wawili. Gari likiwa uwanjani, wote wako uwanjani. Ndivyo nilivyofikiri, na sikuinua hata shingo kuhesabu vichwa. Kumbe sili moja, ile pete ya mpira ya kuzuia mafuta, haikutosha mahali pake, Mrefu amefungua kufuli lake bila kuniita na kufuata nyingine stoo, na wifi, kwa kuharakishwa kule, amesema si utakwenda dakika kumi tu, mimi nabaki nasafisha meno na kuyapaka grisi. Hili lilikuwa kosa lake. Siku zote nimesema hakosei, na siku hiyo alikosea.

Mara redio ikaita. Mhandisi mkuu alikuwa chini ya mnara wa kumi na saba na mtunza stoo.

"Hapa kuna kufuli la Kufuli," akasema. "Yuko juu?"

Aliyetakiwa kujibu swali lile ni wifi. Mimi nilitakiwa kunyamaza. Nikainyakua redio, nikabana kitufe cha kusemea. Redio zetu ni za njia moja: mmoja akibana kitufe, mwingine hasikiki, hata apige kelele namna gani. Kila anayeanza kazi anafundishwa hilo siku ya kwanza. Sema, achia, sikiliza.

Nikasema, "Ameshuka. Gari lao liko hapa uwanjani. Kufuli amelisahau, likate."

Ningeachia hapo. Sikuachia. Nilikuwa nimengoja miaka, na sasa amesahau kufuli, Kufuli mwenyewe! Nikaendelea kusema, kidole kimebana. Nilisema mengi. Huku nasema, nikaona kwenye skrini swichi ya kumi na saba imerudi, ina maana wamekwisha likata. Mkono wa kulia ukaenda kwenye kitufe cha kuwasha. Nikabonyeza. Kisha nikaachia redio.

"…ko juu! Niko juu! Niko ju…"

Sauti ilikuwa yake. Nikapiga kitufe chekundu cha kusimamisha kila kitu kwa kiganja kizima. Kumbukumbu za kompyuta zinaonyesha kwamba kati ya kuwasha na kuzima zilipita sekunde kumi na moja. Katika sekunde hizo kichwa cha mtambo kilijigeuza kidogo kuutafuta upepo, kama kilivyotengenezwa kufanya, na duara la meno likazunguka. Mkono wake wa kushoto ulikuwa na kitambaa cha grisi katikati ya meno.

Alijifunga mkono mwenyewe kwa mkanda wa kofia. Mrefu alipanda mbio na kumteremsha. Vidole viwili, cha mwisho na kinachofuata, havikurudi. Wageni walifika saa tisa na robo, wakaambiwa mtambo mmoja uko kwenye matengenezo, wakapiga picha za ile mingine.

Kesho yake mhandisi mkuu aliniita ofisini, akafunga mlango. Ni mtu mzima, mpole wa sauti, na siku hiyo alikuwa ameitengenezea sauti yake upole zaidi.

"Tume inakuja kutoka makao makuu," akasema. "Watatu. Sisi tutasema tulivyofanya. Nilimwita kwenye redio mara tatu, hakujibu. Alibaki juu peke yake kinyume cha sheria. Wewe uliwasha kwa amri yangu. Si ndivyo?"

"Hukumwita mara tatu."

"Na wewe una barua ya onyo." Akaniangalia. "Mimi nilisikia uliyoyasema kwenye redio, mama. Yote. Nimekwisha yasahau. Na wewe sahau."

Nilielewa vizuri sana. Yeye amefanya kazi na redio miaka ishirini. Alijua kuliko mimi kwa nini fundi wa juu hakusikika. Tukinyamaza wote wawili, wifi atafukuzwa kwa kubaki juu na kwa kutojibu, na atakaa nyumbani na vidole vitatu, na matibabu hawatamlipia kwa kuwa amejitakia. Tukisema, nimekwisha mimi, na yeye pia. Nikatoka ofisini nimesema, "Sawa."

Wiki tatu zile ndizo mbaya kuliko zote nilizowahi kuishi. Wifi alirudi kutoka hospitali, mkono umefungwa mpaka kwenye kiwiko. Akawa anakaa kibarazani mchana. Tulipishana mlangoni, tukapishana bombani. Hakunilaumu. Hakuniuliza. Alinisalimia asubuhi kwa sauti ileile, nami nikamjibu, na nilimchukia zaidi kwa ajili ya salamu ile. Nilikuwa najiambia hajui. Redio yake ilikuwa inaita bure, atakuwa amedhani betri imekwisha. Kuna siku nilitamani betri iwe imekwisha kweli, nikajikuta natafuta namna ya kuamini hivyo.

Kaka ndiye aliyenimaliza. Aliniletea chai chumbani kwangu, akakaa ukingoni mwa kitanda. "Dada, usijikaange. Umepewa amri, umebonyeza. Ungejuaje? Mwenyewe nimewaambia majirani wote, dada yangu asiguswe kwa maneno, ile ni ajali." Nikainywa chai yake yote, ikiwa moto hivyohivyo, ili nisipate nafasi ya kusema.

Tume ilikaa chumba cha mikutano: wanaume wawili na mama mmoja mwenye miwani aliyekuwa anaandika. Mhandisi mkuu alizungumza kwanza, akamwaga yake bila kukwama. Mara tatu alimwita. Kimya. Gari liko uwanjani. Angefanya nini?

Mama mwenye miwani akamgeukia wifi. "Kwa nini ulibaki juu peke yako?"

"Nilikosea," akasema wifi. "Nilifikiri dakika kumi si kitu. Hilo niandikieni onyo, ni haki yangu."

Hata pale, mkono mmoja mbovu, anawafundisha tume adhabu yake. Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja.

"Na kwa nini hukujibu redio?"

"Nilijibu mara nne."

"Hakuna aliyekusikia."

"Muulizeni aliyekuwa anasema." Hakunitazama. Aliangalia dirishani, kule mitambo inakoonekana.

Wote watatu wakanigeukia. Mhandisi mkuu naye akanigeukia, kwa upole. Nilikuwa na jibu tayari, nimelikariri wiki tatu: nilibonyeza kwa amri. Nikafungua mdomo. Mtakaotaka kusikia kwamba niliona huruma, sikuiona. Niliona aibu, na aibu yenyewe ilikuwa ya hasira: kwamba mwanamke huyu ninayemchukia amekiri kosa lake kwa neno moja, na mimi nimekaa hapa na langu kooni kama mfupa.

"Hakusikika kwa sababu nilikuwa nimebana kitufe," nikasema. "Mhandisi aliuliza mara moja. Nikarukia jibu lisilo langu. Nikasema ameshuka, likate. Sikuachia. Yeye alikuwa anaita wakati mimi nasema."

Kalamu ya mama mwenye miwani ilisimama. "Ulisema kwa muda gani?"

"Mpaka likakatwa."

"Huo ni muda mrefu. Ulisema nini?"

"Nilisema kufuli amelisahau. Nikasema leo atajua kwamba hata yeye anasahau."

"Basi?"

"Basi."

Wifi akaondoa macho dirishani, kwa mara ya kwanza katika wiki tatu akanitazama usoni.

"Kuna jingine," akasema.

Nikajua hapo kwamba betri haikuwa imekwisha. Alikuwa anabana, anaita, anaachia asikilize, ananisikia mimi. Anabana tena, anaita, anaachia, ananisikia mimi. Yuko juu ya mita themanini na kitambaa mkononi, na sauti inayojaa kile chumba cha chuma ni yangu.

"Nilisema afukuzwe tu," nikasema, "kaka yangu apumzike."

Mama mwenye miwani aliandika, akapiga mstari chini yake. Mmoja wa wanaume akakohoa. Mhandisi mkuu alisema ana la kuongeza, wakamwambia atapewa nafasi, na sikumbuki kama alipewa. Jioni ileile nilikabidhi kadi ya mlango na redio. Mhandisi mkuu walimsimamisha kwanza, kisha wakamwondoa. Wifi alipewa onyo lake la kubaki juu, matibabu yakalipwa, na nafasi yake ikabaki inamngoja. Amekwisha anza kupanda tena. Kufuli jipya amelipata, na picha mpya, kanuna vilevile.

Lakini ninataka kusema habari za jioni ile. Nilifika nyumbani nikamkuta bombani, anajaribu kukamua nguo ya mtoto kwa mkono mmoja, amebana pindo kwa kiwiko. Nikashika upande wa pili.

"Acha," akasema.

Nikaacha. "Ulikuwa unajua wiki zote hizi."

"Nilisikia kwa masikio yangu."

"Kwa nini hukusema? Ungesema siku ya kwanza tu."

"Nani angeniamini? Wifi anamsema wifi. Wangesema ni ugomvi wa nyumbani, tumeupeleka kazini." Akaitupa nguo kwenye kamba bila kuikamua, maji yakawa yanamdondokea miguuni. "Ilibidi itoke kwako. Na kama isingetoka, ningekuja kukaa mlangoni kwako kila siku nikusalimie mpaka ufe."

"Nisamehe, wifi."

"Sijakusamehe. Usininyenyekee, hatujawahi." Akafuta mkono mzima kwenye gauni. "Kaka yako anajua ulibonyeza. Anajua ulishikilia redio, nimempigia simu nikamwambia. Lile la mwisho sijamwambia."

"Usimwambie."

"Simwambii. Utamwambia wewe, kwa mdomo wako, na leo. Mimi nalala naye. Siwezi kulala na neno lako katikati yetu."

Akaingia ndani kwa mlango wa jikoni. Mimi nikazunguka mbele. Cherehani ilikuwa inalia, na kaka alikuwa ameinama juu yake, anapunguza vidole viwili vya glavu ya kushoto na kuvishona, kwa sababu hakuna duka linalouza glavu ya namna hiyo. Aliponiona akasimamisha cherehani, akatabasamu kwa huruma, akanivutia kiti.

"Pole na kazi, dada," akasema. "Nimesikia. Usijali, mimi ndugu yako siwezi kukulaumu."

Nikakaa, nikamwambia azime cherehani kabisa anisikilize.